Bilioni mbili na ushei

Chama chetu cha akina mama hapa Malindi kilipoamua kuachana na daftari, kijana mmoja aliyesifiwa sana na mwenyekiti alitutengenezea sistimu. Jina lake silitaji. Alilipwa, akapotea, na mji wenyewe mdogo huu. Mimi ndiye katibu, kwa hivyo kazi ya kuingiza majina na nambari za simu iliniangukia mimi. Niliziingiza zote zikianza na 254 kama alivyoagiza, nikahifadhi, nikalala. Asubuhi nafungua orodha nitume ukumbusho wa mchango, naona kila mwanachama ana nambari moja ileile. Kuanzia mwenyekiti mpaka yule aliyejiunga juzijuzi, wote 2147483647.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha maneno matupu. Mmoja alisema hiyo ni nambari ya kijana mwenyewe, kaipandikiza ili pesa zote ziende kwake. Mwingine akauliza mbona haianzi na sifuri. Shangazi yangu, ambaye haogopi mtu, akaipiga palepale mbele ya watu, akaambiwa nambari aliyopiga haipo. "Haipo na sote tumesajiliwa nayo," akasema. Tukarudi kwenye daftari, na upande wa chama mambo yakaishia hapo.

Mimi haikunitoka kichwani. Kutwa niko kaunta, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, napima misumari, nahesabu mabati na nondo, na nambari ninazozizoea zina adabu: zinaishia na sifuri au hamsini. Hii haikukaa kama nambari ya kutungwa. Mtu akitaka kuweka nambari ya uongo anaweka 0700000000, au 1234567890. Hakuna anayekaa chini akatunga 2147483647. Kwa hivyo imetoka mahali.

Ilikotoka ni huku. Kompyuta inaandika kila kitu kwa 0 na 1, na ile sistimu ilitenga nafasi 32 za kuandikia kila nambari. Nafasi moja ni ya alama, kuonyesha kama nambari ni hasi au chanya. Zinabaki 31. Ya kwanza ikiwa na 1, thamani yake ni 1. Ya pili ni 2. Ya tatu 4. Ya nne 8. Kila moja maradufu ya iliyotangulia, mpaka ya 31 ambayo thamani yake ni 1,073,741,824. Zijaze zote 1, jumlisha, unapata 2,147,483,647. Kwa maandishi ya kompyuta, basi, nambari yetu ni 1 thelathini na moja zimepangana bila sifuri hata moja kati yao. Nambari ya simu ya Kenya ikianza na 254 ni zaidi ya bilioni 254, haiingii humo hata ukiisukuma. Badala ya kulalamika, sistimu ikaweka kubwa kuliko zote inayoweza kubeba, ikanyamaza. Tungeandika kwa mtindo wa 07, sifuri ya mbele ingeanguka, ingebaki milioni mia saba na kitu, ingeingia bila shida na mimi leo nisingekuwa na la kuandika.

Kwa mkato ni hivi: zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie 2 thelathini na moja, kisha toa 1. Yaani 2³¹ − 1. Asiyetaka kusikia habari za kompyuta afikirie zile biashara za "leta watu wawili" zinazopita mjini kila baada ya muda. Mmoja analeta wawili, wale wawili wanaleta wanne, wanne wanaleta wanane. Ngazi ya 31 ikijaa, jumla ya walioingia ni 2,147,483,647 barabara. Ongeza ngazi mbili tu na watu wote wa dunia hawatoshi kuzijaza. Hesabu hii nimewahi kumwonyesha mteja aliyekuja kuniandikisha. Hakurudi.

Mpaka hapo ni mambo ya mashine, na yangeishia hapo nisingehangaika. Kilichonishika ni kingine: nambari hii ni tasa. Haigawanyiki kwa chochote ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hilo halihusiani kamwe na kompyuta. Lilithibitishwa mwaka 1772, wakati hakuna aliyekuwa akiota kompyuta.

Na msidhani kwamba kila nambari ya mwisho ya kompyuta ni tasa. Ni sadfa tupu. Angalia: mashine za kale za nafasi 8, ukitoa moja ya alama zinabaki 7, na 2⁷ − 1 ni 127, tasa. Zikaja za nafasi 16, zinabaki 15, na 2¹⁵ − 1 ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Si tasa. Za nafasi 32 zinatoa yetu, tasa. Za nafasi 64, ambazo ndizo za siku hizi, mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807, na unaweza kuigawanya kwa 7 mara mbili mfululizo bila baki kabla hujafika kwenye vigawo vyake vingine. Waliounda mashine hizi walikuwa wanatafuta nafasi tu. Waliozipenda nambari za aina hii walikuwa wamekwisha kuzipenda karne nyingi kabla yao.

Sababu ya 15 kuharibu inaonekana wazi. 15 ni 3 × 5, na kipeo kinapogawanyika, nambari nzima inagawanyika pamoja nacho: 2³ − 1 ni 7, 2⁵ − 1 ni 31, na zote mbili zimo ndani ya 32,767. Kwa hivyo kipeo lazima kiwe tasa. Lakini kuwa tasa hakutoshi. 11 ni tasa, na 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Hapo ndipo penye raha yote, kwa sababu hakuna njia ya kujua kwa kutazama. Padri mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo visivyozidi 257 ambavyo kwa maoni yake vinazaa nambari tasa. 31 imo. Imo pia 67, na hapo alikosea: mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Akaziruka 61, 89 na 107 ambazo zilistahili kuwemo. Hata hivyo nambari hizi mpaka leo zinaitwa kwa jina lake.

Aliyefunga kesi ya 31 ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi St Petersburg. Mwaka 1772 alikuwa karibu kipofu kabisa. Alikuwa anawatajia wasaidizi, wao wanaandika. Sasa fikiria kazi yenyewe. Kuthibitisha kwamba 2,147,483,647 haina kigawo, huna haja ya kujaribu nambari zote zilizo chini yake. Kipeuo chake cha pili ni kama 46,340.95, kwa hivyo kama ina vigawo viwili, kimoja lazima kiwe chini ya 46,341. Na unajaribu tasa peke yake. Hata hivyo tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Kugawanya mara 4,700 kwa kalamu, na macho hayaoni.

Euler hakufanya hivyo. Alipunguza mpaka zikabaki chini ya mia moja. Namna alivyopunguza nitaieleza polepole, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua chai ikapoa.

Chukua ile 2,047 iliyogawanyika kwa 23. Anza na 2, uwe unaizidisha maradufu, na kila ikizidi 23 unatoa 23. Unapata: 2, 4, 8, 16, kisha 32 toa 23 ni 9, kisha 18, 13, 3, 6, 12, na 24 toa 23 ni 1. Umerudi kwenye 1 baada ya hatua 11. Ukiendelea utazunguka njia ileile, 2, 4, 8, milele, na kila hatua 11 unapita kwenye 1. Kurudi kwenye 1 kwa hatua ya 11 ndiko hasa kusema kwamba 23 inagawanya 2¹¹ − 1. Maneno mawili, jambo moja. Sasa Pierre de Fermat, Mfaransa mwingine, alikuwa amegundua mwaka 1640 kwamba kwa tasa yoyote isiyo 2, safari hii lazima ikukute kwenye 1 katika hatua iliyo pungufu kwa moja ya tasa hiyo. Kwa 23 ni hatua ya 22. Na kweli, 22 ni mizunguko miwili ya 11. Kwa 89 ni hatua ya 88, mizunguko minane ya 11.

Rudi kwetu. Kama kuna tasa inayogawanya 2³¹ − 1, mzunguko wake ni wa hatua 31. Haiwezi kuwa chache zaidi, kwa kuwa 31 yenyewe haigawanyiki. Basi tasa hiyo ukiipunguza 1, kinachobaki lazima kigawanyike kwa 31. Na kwa kuwa si nambari shufwa, ukiipunguza 1 inagawanyika kwa 2 pia. Yaani lazima iwe mafungu ya 62, na 1 juu. Zingine zote tupa bila hata kuzigusa: 3, 5, 7, 11, 13, zote nje.

Kuna sharti la pili, ambalo Euler alilijua na ambalo nalipita haraka: katika mzunguko huo 2 inageuka kuwa mraba wa nambari nyingine, na tasa zinazoruhusu hilo ni zile tu ambazo ukizigawanya kwa 8 hubaki 1 au 7. Ukiunganisha masharti mawili, kigawo chochote lazima kiwe mafungu ya 248 na 1 juu, au mafungu ya 248 na 63 juu. Basi.

Nilijaribu mwenyewe, jioni moja duka limepoa, nyuma ya kibuku cha risiti. 63 si tasa. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, hiyo ndiyo ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa. 2,147,483,647 gawanya kwa 311: inaingia mara 6,905,092, inabaki 35. Haimo. Kisha 497 ni 7 × 71, tupa. 559 ni 13 × 43, tupa. 745, 807, 993, 1,055, 1,241, zote si tasa, tupa. Inayofuata ni 1,303: mara 1,648,107, inabaki 226. Halafu 1,489: mara 1,442,232, inabaki 199. Akaja fundi mmoja wa Muyeye akitaka nusu kilo ya misumari ya inchi nne, akaona makaratasi, akaniuliza kama nafanya hesabu ya deni lake. Nikamwambia deni lake halihitaji mgawanyo. Sikuendelea mpaka 46,339 alikofika Euler; namwamini. Ila zile tatu zinatosha kukuonjesha. Unaona nambari kubwa yenye tarakimu kumi imesimama hapo, unaipiga na 311, inabaki 35, unaipiga tena, inabaki tena, na kila baki ni namna yake ya kukataa.

Majirani zake nao wanachekesha. Wa juu, 2,147,483,648, ni 2 tupu zilizozidishana, hakuna kitu kingine ndani. Wa chini, 2,147,483,646, ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, ana kila aina ya kigawo. Katikati yao yetu haina hata kimoja. Huyo wa chini mkumbukeni, nitamrudia.

Kuna faida nyingine ambayo Wagiriki walikuwa wakiitafuta tangu zama za Euclid. Vigawo vya 6 ukiacha 6 yenyewe ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, jumla 28. Nambari za namna hii ni adimu ajabu, na Euclid alionyesha kwamba kila tasa ya aina ya Mersenne inazaa moja. Yetu ikizidishwa kwa 1,073,741,824 inazaa 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni ya nane katika ukoo huo. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote itakayowahi kugunduliwa, kwa kuwa nambari hizi ni za kustaajabisha tu na hazina faida, na si rahisi mtu ajisumbue kutafuta nyingine. Watu wakajisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Mwaka 1883 padri wa Urusi, Ivan Pervushin, akaleta ile ya 61 aliyoiruka Mersenne. Na Oktoba 2024 ilitangazwa yenye kipeo cha 136,279,841, ambayo ukiiandika ina tarakimu 41,024,320. Ukitaka kumdharau mtu anayefanya kitu "kisicho na faida", mngoje kidogo.

Nambari yetu ina tarehe yake pia. Mashine nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia mwanzo wa 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Kwetu hapa ilikuwa saa tisa za usiku. Ndiyo maana simu iliyokaa bila betri hufunguka ikidai tuko mwaka 1970. Kwa mashine zenye nafasi 32, sekunde ya 2,147,483,647 ndiyo ya mwisho. Itaangukia Jumanne, 19 Januari 2038, na hapa Malindi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Wakati wa kaskazi, alfajiri imeshasaliwa, jua linakaribia kutoka baharini. Sekunde inayofuata zile 1 thelathini na moja zote zinageuka sifuri, nafasi ya alama inapata 1, na mashine inasoma −2,147,483,648. Kwa kalenda hiyo ni 13 Desemba 1901, mwezi ambao reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo inafika Kisumu. Simu na kompyuta za sasa zinahesabu kwa nafasi 64, zina muda wa miaka kama bilioni 292, kwa hivyo hazina neno. Za kuogopa ni zile zilizosahaulika ndani ya mita, mitambo na sistimu za vijana wanaolipwa na kupotea.

Lakini matumizi yake ninayoyapenda ni ya kura.

Katika chama, kabla mzunguko haujaanza, tunapiga kura nani apokee kwanza. Karatasi zinakunjwa, zinawekwa bakulini, na kila mara kuna ugomvi: fulani kaikunja yake kwa alama, fulani kachungulia. Sasa kuna kanuni iliyochapishwa mwaka 1969 na wataalamu wa kampuni ya kompyuta ya IBM, ya kuzalisha nambari zinazorukaruka kama kura. Ni fupi mno. Chukua nambari yoyote, izidishe kwa 16,807, igawanye kwa 2,147,483,647, na baki ndiyo nambari yako mpya. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Zinaruka huku na huko, huwezi kubuni inayofuata kwa kutazama. Na kwa kuwa nambari yetu ni tasa, na 16,807 imechaguliwa kwa makini, mruko huo unapita kwenye kila nambari kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo unarudi ulikoanza. Hauruki hata moja, hauirudii hata moja.

Uchaguzi wenyewe wa 16,807 ni wa kupendeza. Ni 7 imezidishwa yenyewe mara tano. 7 peke yake inaweza kuuzunguka uwanja wote, ila inaanza kwa hatua fupi: 7, 49, 343. Ukichukua hatua tano kwa mkupuo unakwenda kwa kishindo. Swali ni kama ukiruka tano-tano utakosa baadhi. Hapo ndipo yule jirani wa chini anaporudi: hatua za mzunguko wote ni 2,147,483,646, na katika vigawo vyake tulivyovipanga pale juu, 5 haimo. Ukiruka kwa tano katika mzunguko usiogawanyika kwa tano, utakanyaga kila mahali. Wangechagua kuruka tatu-tatu wangekosa theluthi mbili za uwanja.

Nilipeleka wazo hili kikaoni. Nikaeleza, nikaandika ubaoni, nikaonyesha baki zikiruka. Mwenyekiti alisikiliza kwa heshima. Shangazi akauliza, "Na hiyo nambari ya kuanzia, anayeichagua ni nani?" Nikasema katibu. Akauliza, "Na anayeijua ya kuanzia, si anazijua zote zinazofuata?" Nikasema ndiyo, kanuni ni ileile, anayeijua moja anazijua zote. Wanawake wakacheka mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia. Bakuli lingalipo. Na shangazi, ambaye hakumaliza hata darasa la nne, alikuwa amelitaja palepale tatizo ambalo limefanya kanuni hii isifae kamwe kwa mambo ya siri.

Limebaki moja, na hili ni la wenye uchu tu. 31 yenyewe ni 2⁵ − 1, tasa ya aina ileile. Kwa hivyo nambari yetu ni tasa ya Mersenne ambayo kipeo chake ni tasa ya Mersenne. Zinazojulikana za namna hiyo ni nne tu: 7, inayotoka kwa 3, 127, inayotoka kwa 7, yetu, inayotoka kwa 31, na ile ya Lucas, inayotoka kwa 127. Mtu yeyote mwenye tamaa atauliza: na yetu tukiifanya kipeo? 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa 1? Nambari hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Si tasa, na kati ya vigawo vyake vinavyojulikana kimo hiki. Katika zimwi lile lote kimekaa kitu cha tarakimu 15 tu: 295,257,526,626,031.

Kukihakiki kwa ukamilifu hakufanyiki juu ya kaunta. Ila ile kanuni ya mafungu ya kipeo na 1 juu inafanya kazi hapa pia: kigawo hicho lazima kiwe mafungu ya 2,147,483,647, na mafungu hayo yawe shufwa, na 1 juu. Hilo linahakikika. Mafungu yenyewe ni 137,490. Kalkuleta ya dukani mwisho wake tarakimu 12; nilipoizidisha nzima ikaniandikia E. Nikaigawanya kazi. Mara 137 ni 294,205,259,639, tarakimu 12 kamili, ikaenea kioo chote, nikaongeza sifuri tatu kwa kalamu. Mara 49 ni 105,226,698,703, nikaongeza sifuri moja. Nikazipanga moja chini ya nyingine na kujumlisha kwa mkono: 295,257,526,626,030. Ongeza 1.